Umekabidhiwa Idara: Namna ya Kuuendesha Muhula wa Kwanza Bila Kuchakaa

Kila Januari napata ujumbe wa aina moja. Mwalimu kijana, mwaka wa pili au wa tatu kazini, yuko Buhigwe au Kakonko huku mkoani Kigoma, ameitwa ofisini kwa mkuu wa shule na kutoka na barua: kuanzia leo wewe ni mkuu wa idara ya sayansi. Au ya lugha. Au mwalimu wa taaluma kabisa. Swali lake ni lile lile: "Mwalimu, nianzie wapi?" Swali la pili huja mwezi wa tatu, usiku: "Mwalimu, hii kazi mtu anaiachaje?"

Nayajibu yote mawili hapa, nipumzike kuandika kwa kidole gumba. Nilishika idara ya sayansi kwa miaka sita katika shule ya kata wilayani Kasulu, na miaka miwili ya mwanzo niliishika vibaya. Nilitunga mitihani ya wenzangu, nilijaza maazimio ya kazi (mpango wa mada za kufundisha) ya waliochelewa, nilikaa shule mpaka magharibi, kisha nikanuniwa na watu wale wale niliowabebea. Kama wewe ni mwalimu wa nidhamu, wa malezi, matroni au patroni, mengi yatakufaa pia. Badilisha tu majina ya madaftari.

Jambo moja ulijue mapema. Cheo hiki hakikuongezei mshahara, na huna mamlaka ya kumpandisha mtu daraja wala kumshusha. Mwalimu mwenzako atakufuata akiona kwamba tangu upewe idara, kazi yake imepungua uzito. Hatua zote zilizo hapa chini zinatoka hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Barua ya uteuzi. Ya maandishi, yenye tarehe. "Utatusaidia kidogo idara ile" haitoshi.
- Kauntabuku moja kubwa. Kila kitu cha idara kinaingia humo: vikao, ahadi, vitabu vilivyoazimwa.
- Nakala ya ratiba kuu ya shule, pamoja na ratiba ya zamu.
- Mihutasari ya masomo yote ya idara. Hakikisha ni inayotumika sasa kwa kila kidato, maana mitaala iliyoboreshwa ilianza kuingia shuleni mwaka 2024 na bado unaweza kukuta ya zamani na mipya kwenye kabati moja.
- Leja ya vifaa.
- Mtu mmoja wa kuongea naye ambaye hafundishi shuleni kwako. Hiki ndicho watu hukiruka. Ukilalamika ofisini, kabla ya kengele ya chai habari imeshafika kwa mlalamikiwa.

Hatua

1. Pokea idara kwa kuhesabu.
Mwombe aliyekutangulia mkae siku moja, stoo na kabatini. Hesabuni vitabu, darubini, chupa za kemikali, ramani, chochote kilichopo. Andikeni kilichopo na kisichopo, msaini wote wawili.

Angalizo: usisaini leja kwa heshima. Mimi nilisaini darubini nne kwa sababu aliyenikabidhi alikuwa kaka mkubwa kwangu na alikuwa anawahi basi la Kigoma mjini. Nilipofungua masanduku, darubini zilikuwa mbili. Hizo mbili nyingine nimezieleza kwa wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Zaidi ya kuhesabu, wiki mbili za mwanzo usibadilishe kitu. Wenzako wanasubiri kuona kama umekuja na ufagio.

2. Kaa na kila mwalimu peke yake, dakika 20.
Chini ya mwembe ni bora kuliko ofisini. Uliza mambo matatu tu: Ni kitu gani kinakuchosha zaidi kwenye kazi hii? Ni kipi tusikiguse kwa sababu kinaenda vizuri? Ningekupunguzia nini muhula huu?

Utashangaa. Nilidhani mwalimu wangu wa kemia anachelewa kipindi cha kwanza kwa uzembe. Kumbe alikuwa amepanga chumba upande wa pili wa mto, na masika bodaboda haziteremki ule mlima wa udongo mwekundu. Alikuwa anasubiri kupambazuke ashuke kwa miguu, viatu mkononi. Nilimwomba mwalimu wa ratiba ahamishe vipindi vyake viwili vya asubuhi. Dakika kumi za kazi, na ule ugomvi wa mwaka mzima ukaisha.

Sasa suala la wakubwa. Huku kwetu ukiwa na miaka 28 na ukaambiwa umsimamie mtu aliyeanza kufundisha kabla hujazaliwa, una mtihani. Shikamoo kwanza, azimio la kazi baadaye. Usimwite, mfuate. Usimuulize mbele ya vijana. Mimi nilisema hivi: "Shikamoo mzee. Mzee, nimepewa hii idara na kwenye karatasi bado ni mgeni. Naomba nilione azimio lako la kidato cha tatu nijifunze unavyozipanga mada, halafu Ijumaa niyapeleke yote kwa taaluma."

Alilileta. Lilikuwa la miaka mitatu nyuma, tarehe zimepakwa wino mweupe na kuandikwa upya. Sikusema neno. Wiki ile tulikuwa tumepokea binti wa ajira mpya, nikamwomba mzee amkalishe amwonyeshe azimio linavyoandikwa. Alimfundisha siku mbili, na kwa kumfundisha akaandika na la kwake, jipya. Mpaka anastaafu hakuchelewesha tena.

Angalizo: heshima isigeuke msamaha wa kudumu. Ukimfunika mzee mara ya pili, vijana wataacha kuleta ya kwao, na hawatakuwa na kosa.

3. Piga hesabu ya mzigo, kwa kalamu.
Watu wanasema "tumechoka" na anayesikia anasema "sote tumechoka", mazungumzo yanaishia hapo. Leta tarakimu.

Mfano wa mwalimu wangu wa baiolojia: vipindi 28 kwa wiki, kila kimoja dakika 40. Hizo ni dakika 1,120, yaani saa 18 na dakika 40 za kusimama na kuongea. Ana mikondo minne yenye wanafunzi 60, kwa hiyo madaftari 240. Akitumia dakika tatu kwa daftari, ni saa 12 kila anaposahihisha mara moja. Bado maandalio, bado zamu, bado klabu ya mazingira ambayo alipewa kwa sababu "wewe ni wa baiolojia".

Chora jedwali: jina, vipindi, idadi ya wanafunzi, majukumu mengine. Usiandike maoni. Mara nyingi utaona mtu mmoja ana vipindi 30 na majukumu matatu, mwingine ana 12 na jukumu la kutunza mpira wa wavu. Jedwali hilo ndilo utakalompelekea mkuu wa shule katika hatua ya 9.

Kwenye kusahihisha, punguza hivi: kila wiki kusanya madaftari 15 tu kwa kila mkondo. Hayo ni 60, saa tatu za kazi, na baada ya wiki nne kila mwanafunzi ameguswa. Mazoezi mafupi wasahihishe wenyewe kwa majibu ya ubaoni huku mwalimu anapita. Mitihani ya ndani tulisahihisha mezani kwa pamoja, kila mwalimu na swali lake, karatasi inapita mkono kwa mkono kama wanavyofanya wasahihishaji wa mitihani ya taifa. Inaenda haraka, na haina upendeleo maana huoni jina la mtoto ukilifikiria.

4. Kikao cha idara: dakika 30, kila wiki mbili, siku ile ile.
Agenda tatu, zisizidi. Ya kwanza iwe mada gani inawasumbua wanafunzi na nani ameifundisha ikaeleweka. Hapo ndipo walimu hujifunza kwa walimu, na kama shule yenu inafuata utaratibu wa MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), unganisha humo badala ya kuunda kikao kingine. Ya pili iwe kazi zinazokuja. Ya tatu, kila mtu aseme kitu kimoja anachohitaji.

Chai iwepo. Tulichanga, kukawa na chupa ya chai na mihogo, siku njema kahawa ya Kalinzi. Kikao cha njaa saa tisa alasiri hakizai kitu zaidi ya "naunga mkono hoja".

Andika kwenye kauntabuku nani ameahidi nini na lini. Kikao kijacho kianze kwa kusoma mistari hiyo, bila kuongeza neno lako. Aliyeahidi akisikia jina lake anajieleza mwenyewe.

Angalizo: muda ukiisha, funga hata kama hamjamaliza. Ukivunja dakika 30 mara mbili, mara ya tatu utakaa na viti.

5. Gawa kazi, na ukishagawa usiirudie usiku.
Hapa ndipo nilipoanguka. Nilimpa mtu kutunga mtihani wa kidato cha pili, akaleta una makosa, nikakaa mpaka saa sita usiku nikiuandika upya. Asubuhi nikamwambia "asante, uko vizuri". Unadhani muhula uliofuata aliongeza juhudi?

Rudisha kazi kwa mwenyewe, ukionyesha sehemu mbili tu za kurekebisha: "Swali la 4 halina data za kutosha, na sehemu C yote imetoka mada moja. Nisaidie viwe tayari Alhamisi." Basi. Kama una siku tano za kurekebisha, hutakuwa na sababu ya kukesha. Kwa hiyo tarehe unayowapa wenzako iwe siku tano kabla ya ile uliyopewa na taaluma.

Kila mtu apewe kitu kimoja kinachojulikana ni chake: stoo, vitabu, maswali ya mitihani iliyopita, klabu. Na majukumu yako mwenyewe ya idara yaingize PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, yasibaki kazi ya hisani isiyoonekana popote.

6. Kagua bila kuvizia.
Sema siku utakayokagua maandalio na shajara. Ukiingia darasani, omba kabla, kaa nyuma, toka na mwalimu mwisho wa kipindi. Anza kwa kumuuliza yeye ameonaje. Kisha mwambie jambo moja zuri ulilolishuhudia kweli, na moja la kujaribu wiki ijayo. Matano hayabebeki.

7. Linda saa zako.
Chagua siku mbili kwa wiki ambazo lazima utoke shule kengele ya mwisho ikigonga. Zitangaze kwenye kikao cha idara. Mimi zilikuwa Jumanne na Ijumaa. Jumanne nilikwenda shambani, Ijumaa nilikaa barazani na wazee wa kahawa, ambako hakuna aliyejali wastani wa fizikia.

Kundi la WhatsApp la idara liwe na sheria: hakuna ujumbe wa kazi baada ya saa 2 usiku. Wewe uwe wa kwanza kuifuata. Ukituma saa 5 usiku na kuandika "mtajibu kesho", umeshamtoa mtu usingizini.

Kula mchana. Naandika hili kwa sababu nimeona wakuu wa idara wakitumia kengele ya chakula kuandika nafasi za wanafunzi, halafu kipindi cha saba wanagombana na mtoto kwa kosa la kudondosha kalamu. Sahani ya ugali na dagaa inachukua dakika 15.

8. Jifunze kumwona mwenzako anayezama.
Dalili hazifichiki ukiwa karibu: aliyekuwa mcheshi amenyamaza, anasinzia ofisini, anakosa kila Jumatatu, pombe imeanza kunuka asubuhi, fimbo imekuwa karibu kuliko chaki. Kuhusu fimbo sheria iko wazi tangu kanuni za mwaka 2002: anayeruhusiwa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Mwalimu aliyechoka husahau yote matatu kwa mpigo. Ukiona mkono unapanda, mwondoe kwa sababu ya kawaida ("Mwalimu, unaitwa ofisini"), muongee baadaye.

Chanzo kikubwa nilichokutana nacho hakikuwa darasani. Kilikuwa madeni. Mwalimu ana makato ya benki, halafu akaongeza mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa wa mtaani, kadi ya benki iko kwa mkopeshaji, tarehe ya mshahara yeye anatazama tu. Makato ya mtumishi yanatakiwa kumwachia angalau theluthi moja ya mshahara, lakini kausha damu haipiti kwenye mfumo huo. Usimkopeshe, mtapotezana. Msaidie kuyaandika madeni yote kwenye karatasi moja, kisha aende SACCOS au kwa mwakilishi wa CWT (Chama cha Walimu Tanzania) aulize namna ya kujipanga.

Cha kumwambia: "Mwalimu, nimeona wiki hizi mbili hauko kama nilivyokuzoea. Nimekuja kukusikiliza, sijaja na daftari." Kisha nyamaza. Ukimya mrefu usikutishe.

Akisema hapati usingizi kwa wiki kadhaa, au anatamani asiamke, hilo limepita uwezo wako. Usimwache peke yake. Nenda naye kituo cha afya siku hiyo hiyo, ambako anaweza kupewa rufaa mpaka Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Kigoma. Maneno ya "omba Mungu utakaa sawa" yaende pamoja na nauli, yasichukue nafasi yake. Na ulichoambiwa kisifike ofisi ya walimu. Mkuu wa shule ajue kile tu kinachohitajika ili mwenzako apewe ruhusa.

9. Panda juu na karatasi moja.
Mkuu wa shule ana kata, halmashauri na wazazi wa michango ya chakula mlangoni kwake. Ukienda na "idara ina matatizo", atakuambia "tuvumilie". Nenda na jedwali la hatua ya 3, tatizo kwa sentensi mbili na njia mbili za kulitatua zisizohitaji fedha. Mfano: klabu ya mazingira ihamie kwa mwalimu wa jiografia mwenye vipindi 14. Nilikubaliwa siku hiyo hiyo.

10. Weka alama kwenye miezi migumu.
Septemba hadi Novemba ndio mlima: mitihani ya majaribio, ya taifa ya kidato cha pili, na ya kidato cha nne. Miezi hiyo punguza vikao na ukaguzi. Mwalimu wa idara akiwa mjamzito, likizo yake ya uzazi ni siku 84, majuma 12. Mpango wa kuvigawa vipindi vyake ukae tayari miezi miwili kabla, na yeye aushuhudie, asiondoke akijiona ameacha mzigo. Januari matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kaa na wenzako siku moja kabla hujayajadili. Siku ya kwanza watu wanatafuta wa kumlaumu.

Ukikwama

*Mwalimu mmoja haji vikaoni kabisa.* Mfuate, muulize kama ni siku, saa, au ni wewe. Ikiwa ni wewe, mpe kazi anayoijua kuliko wote na umwite aje kuieleza. Akikataa mara tatu, andika tarehe hizo tatu na umpelekee makamu mkuu wa shule. Usibishane naye kwenye kundi la WhatsApp.

*Mkuu wa shule anatoa maagizo kwa walimu wangu bila kunipitia.* Usimkabili mbele yao. Nenda jioni: "Mkuu, juzi maagizo mawili yamegongana, walimu wakafanya lako na la taaluma likalala. Naomba nikipata taarifa mapema nitayapanga." Wengi hawakusudii.

*Idara yetu ina watu wawili.* Basi kikao ni kutembea pamoja kwenda sokoni. Lakini andika. Halafu ungana na idara kama yako katika shule jirani kwa kutunga mitihani. Mnabadilishana karatasi, kila mmoja anatunga nusu.

*Nilikuwa rafiki yao, sasa nikiingia wananyamaza.* Watanyamaza kwa mwezi mmoja hivi. Usiwafuate kwa utani wa kulazimisha wala kwa kununua soda. Ukiwa umehamisha kipindi cha mtu au umerudisha jukumu lililokuwa si lake, watarudi wenyewe.

*Nimefuata yote na bado nimechoka.* Angalia kauntabuku yako: hesabu kazi za mwezi uliopita ulizofanya ambazo zina jina la mtu mwingine. Zikizidi tatu, rudi hatua ya 5. Zikiwa hakuna, na usingizi umepotea, basi hatua ya 8 inakuhusu wewe, na yule mtu wako wa nje ya shule ndiye wa kumpigia leo.

*Nataka kuiachia.* Inaruhusiwa. Andika barua kwa mkuu wa shule mwisho wa muhula, usiandike katikati, bila kumtaja mtu. Omba tarehe ya makabidhiano. Siku hiyo fungua stoo, hesabuni darubini mbele ya anayepokea, na hata kama anawahi basi, asiondoke kabla hajasaini.